Siku Niliyomwita Binti wa Wifi Yangu Baba

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, upepo wa Dodoma ukiwa umeshafagia uwanja kabla ya wenye ufagio kuamka, nilipoingia nyumbani kwa mama yangu Miyuji nikiwa na jina moja mdomoni na jingine moyoni. La mdomoni lilikuwa Tumaini. La moyoni lilikuwa Chilongola, nalo lilikuwa jina la baba yangu, aliyefariki mwaka uliotangulia. Nilikuwa nimeitwa kumtoa nje binti mchanga wa mdogo wangu Yohana, na nilikuwa nimekusudia kumnyima jina alilochaguliwa na mama yake.

Ili unielewe, sharti nikueleze desturi ya nyumba yetu. Sisemi ni ya Wagogo wote. Kila boma lina mlango wake. Kwetu mtoto hukaa ndani na mama yake mpaka kitovu kianguke. Kisha shangazi yake humpokea, humbeba hadi kizingitini, humgeuzia uso uwanjani na kulitamka jina lake kwa sauti inayowafikia majirani. Jina litakalotamkwa hapo ndilo jina. Wazazi wanaweza kuwa wamekubaliana jingine chumbani, lakini lililotoka kinywani mwa shangazi halirudi. Na ikiwa jina ni la marehemu, hulitamka mtoto wa marehemu mwenyewe, na tangu siku hiyo mtoto huyo humpa kichanga kile cheo cha aliyeondoka. Aliyechukua jina la baba yako ni baba yako, hata kama ananyonya. Utamwita Baba. Utamwamkia.

Sasa nikueleze baba. Alikuwa mfanyakazi wa njia ya reli pale Gulwe, mmoja wa wale waliotembea juu ya mataruma kuangalia mahali mto ulipokula tuta wakati wa masika. Mimi, mzaliwa wa kwanza, nilimpelekea chakula, na nikishampa nilitembea nyuma yake hadi pale aliponirudisha. Mgongo wake naujua kuliko uso wake. Katika lugha yetu Chilongola ni mwenye kutangulia, na mimi katika nyumba ile ndiye niliyekuwa mwenye kufuata, ndivyo nilivyojihesabu. Yeye ndiye aliyenipeleka shule, akanisindikiza hadi stesheni siku niliyokwenda chuo kikuu. Alipougua, ni mimi niliyemlisha kwa kijiko. Kwa hiyo alipokufa niliamini, bila kumwambia mtu, kwamba kila kilichobaki chake kilikuwa changu kwanza. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia.

Wa mbali alikuwa wifi yangu Salome. Ni Msandawe wa Chemba, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mwenye maneno machache na kila moja lina mwiba. Alikuwa amezaa mabinti wawili, na huyu wa tatu alipozaliwa daktari alimwambia asithubutu tena. Wazee wa ukoo walitikisa vichwa. Yohana ndiye mtoto wa kiume wa pekee wa baba. Basi, walisema, jina la Chilongola limefika ukingoni. Walilisema hilo wakinywa chai ya Salome.

Siku chache baada ya kujifungua nilimpelekea uji wa uwele. Akaunywa wote, akafuta mdomo, kisha akanitazama.

"Wifi, jina tumeshapata. Ataitwa Chilongola."

"Lakini si nasikia ni wa kike?"

"Nilipomwogesha asubuhi alikuwa wa kike. Labda amebadilika mchana."

Nilicheka kwa meno tu. "Salome, hilo ni jina la ukoo, linakaa nyuma. Tena ni la kiume. Ukiliita barabarani watageuka wazee wenye mvi."

"Wageuke, wamsalimie."

"Ataandikwa Chilongola Yohana Chilongola. Jina mbele, jina nyuma!"

"Ninyi si watu wa Gulwe?" akasema. "Mlima ukiwa mkali, treni haifungwi kichwa mbele na kingine nyuma?"

Halafu akaacha mzaha. Alimtazama mtoto, wala si mimi, akasema kwa sauti ya mtu aliyefikiri peke yake kwa muda mrefu: "Jina la nyuma, wifi, binti huondoka nalo hapa, akifika kwa mumewe akaambiwa alivue, akavaa la huko. La mbele hakuna mume anayeligusa. Wazee wamesema jina limekufa kwa sababu nimezaa wasichana. Mimi nimeliweka mahali ambapo maneno yao hayafiki."

Mwanangu, nilitoka mle chumbani nikaliacha bakuli la uji palepale.

Wivu haubishi hodi kwa jina lake. Wa kwangu ulikuja umevaa nguo safi za hoja. Nilijiambia kwamba nawaza juu ya mtoto: atachekwa darasani, ataulizwa ofisini kama kweli ni yeye, wachumba watamwogopa. Niliziamini hoja hizo kwa sababu zote zilikuwa na ukweli ndani yake. Nilikwenda Kizota kwenye karakana ya Yohana nikamwambia moja baada ya nyingine huku akichomelea geti. Alizisikiliza zote, akainua miwani yake myeusi.

"Dada, wewe ndiye shangazi. Mlangoni utasimama wewe. Mimi nachomelea mageti, majina siyawezi."

"Kwa hiyo nikitamka jingine hutanikasirikia?"

"Mimi? Hapana." Akashusha miwani. "Ila Salome ameshaanza kumwita hivyo akimnyonyesha. Na mtoto akisikia anaacha ziwa anatazama."

Hilo ndilo lililonichoma. Maana ukweli uliokuwa chini ya hoja zangu ulikuwa huu. Mimi pia nilizaa binti, Tabitha, mwaka mmoja kabla. Ukoo wa mume wangu ukampa jina la upande wao, nami nikanyamaza, nikijiambia: laiti angekuwa mvulana ningeomba apewe jina la baba. Niliomboleza nafasi ambayo haikuwa imefungwa. Wazo kwamba binti anaweza kulibeba jina lile, tena akalibeba mbele, halikunipitia hata kidogo. Likampitia mwanamke wa Chemba aliyemkuta baba yangu akiwa mzee tayari, asiyewahi kuuona mgongo wake juu ya reli. Na si jina tu. Mama yangu angemwita kichanga yule "mume wangu," maana ndivyo bibi anavyomwita mjukuu aliyepewa jina la mumewe. Kigoda cha baba, ambacho mimi sikuruhusiwa kukikalia hata siku moja, kingekuwa chake. Vyote hivyo kwa mtoto wa wifi! Nilimwonea wivu Salome, nikamwonea wivu mtoto, nikamwonea wivu hata marehemu kwa kukubali kuhama nyumba bila kunishirikisha.

Ndiyo maana nilikuja na Tumaini. Ni jina jema, halina ubaya wowote. Ulimi hauna mfupa. Ningelitamka mara moja tu, na hakuna ambaye angeweza kulirudisha.

Uwanjani nilimkuta Shangazi Manzala, dada mkubwa wa baba, akipepeta uwele kwenye ungo. Alikuwa mkongwe, lakini mikono yake haikuwa na habari hiyo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona uso umelala kama mlenda wa jana?"

"Uchovu wa safari tu."

"Safari? Kutoka mjini hadi hapa Miyuji?" Akapeperusha makapi. "Haya. Utamwita nani huyo mtoto?"

"Nafikiria Tumaini, shangazi. Ni jina la kike, la heshima. Nimetazama maslahi ya mtoto."

"Maslahi." Alilirudia neno polepole kama mtu anayeonja maziwa asiyoyaamini. "Eliza, una wivu."

"Sina, shangazi."

"Unao. Kaa chini. Mimi na huyo mdudu tumezeeka pamoja. Akipita mbele yangu namjua hata akivaa joho la chuo chenu."

Nikakaa kwenye jamvi. Akaendelea kupepeta, na akanisimulia jambo ambalo katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kunisimulia.

Alizaliwa yeye kwanza, mwezi uleule ambao babu yao mzee Chilongola alifariki. Kila mtu alitazamia jina lirudi. Lakini walipoona ni msichana waliliweka kando, kama nguo inayosubiri mwenye kimo chake, naye wakampa jina la mwaka ule, ambao ulikuwa wa njaa. Manzala ni hilo tu: wa njaa. Miaka ikapita, baba yangu akazaliwa. Wakachinja mbuzi, jina likaitwa mlangoni, likavikwa mvulana.

"Kwangu hawakuchinja hata kuku," alisema. "Nilikuwa mtoto, lakini nililia nikaapa: lile ni langu. Sitamwita kwalo. Na sikumwita."

"Hukumwita kamwe?"

"Nilimwita 'we.' Nilimwita 'mtoto wa mama.' Alipokuzaa wewe nikapata pa kujificha: nikamwita Baba Eliza, watu wakadhani ni heshima."

"Baba alijua?"

Ungo ukatulia. "Alijua. Kila alipokuja kunisalimu alisimama kwanza mlangoni kidogo, hasemi, kama mtu anayengoja kuitwa. Nami namwambia, 'Pita, Baba Eliza.' Anapita. Mara ya kwanza kumwita jina lake, mwanangu, ulikuwapo. Ulinisikia."

Ndiyo, nilimsikia. Siku ya maziko, udongo ulipoanza kushuka, kikongwe huyu alipaza sauti akaita "Chilongola!" mara nyingi hata wanaume wakamshika mikono. Tulidhani ni uchungu wa kawaida wa dada. Hatukujua kwamba alikuwa akiita miito yote ya maisha mazima kwa mkupuo mmoja, na aliyeitwa hakuitika. Tunasema majuto ni mjukuu. Ya kwake hayakusubiri hata kuzaa, yalikuja naye hadi kaburini.

"Sasa shangazi," nikasema, "nifanyeje nao? Nimejaribu kuuondoa, hauondoki."

"Nani amekwambia uuondoe? Mimi hadi leo ninao. Hivi unadhani huyo mtoto mle ndani simwonei wivu? Naye ni msichana! Kumbe msichana anaweza kupewa! Mimi nilikosa nini?" Akacheka, lakini macho hayakucheka. "Uache ukae moyoni, hapo ndipo kwake. Ila mdomo si wake, Eliza. Usimkabidhi mdudu huyo mdomo."

Mlango ukafunguliwa. Wanawake wa jirani walikuwa wamekwisha kusogea, mama yangu amejifunga kanga mpya kiunoni, Yohana amesimama pembeni akijifanya anakagua bawaba ya dirisha. Salome akatoka na mtoto. Aliniona, akaniona mpaka ndani, maana mwanamke humjua wifi yake. Nilipokinga mikono alinipa mtoto, lakini vidole vyake vilibaki vimeshika pindo la kitenge.

"Wifi," alinong'ona, "ukitamka jingine sitasema kitu mbele za watu. Nataka tu ujue kwamba hili nililichagua kwa kumpenda baba yenu, wala si kukunyang'anya."

Kisha akaachia.

Ningependa kukuambia kwamba nilimtazama mtoto nikaona macho ya baba yangu, moyo ukalainika. Haikuwa hivyo. Alikuwa Salome mtupu, paji la uso la Chemba kabisa, na jambo hilo liliniudhi zaidi. Nilisimama kizingitini nimembeba, nikamgeuzia uso uwanjani. Jua lilikuwa kali. Tumaini lilikuwa limekaa juu ya ulimi wangu, limeiva. 

Ndipo nilipomwona Shangazi Manzala. Alikuwa ameuweka ungo chini, amesimama mbele kidogo ya wengine, mikono imening'inia, hasemi. Alisimama kama mtu anayengoja kuitwa. Nami nikaelewa kwamba hivyo ndivyo baba alivyosimama mlangoni pake miaka yote ile, na kwamba kama nisingelitamka, mtoto huyu naye angesimama mlangoni pangu hivyohivyo, siku zote za maisha yangu, nami ningemwambia "pita" bila kumwita.

"Chilongola!" nikaita.

Sauti ilitoka kavu. Nikaita tena, na safari hii haikuwa sauti yangu peke yake. Shangazi alikuwa ameipokea, ya kwake imepasuka katikati lakini iko juu kuliko yangu. Mara ya mwisho tuliita pamoja, vigelegele vikatufunika.

Bado jambo moja lilisalia, nalo lilikuwa gumu kuliko lile la kwanza. Niliinamisha kichwa mbele ya mtu mwenye uzito wa mfuko mdogo wa sukari, mtoto wa mwanamke niliyemwonea wivu, nikasema: "Shikamoo, Baba."

Mtoto akapiga chafya.

"Ameitika mume wangu!" mama akapiga makofi.

"Mume gani huyo hana hata jino?" jirani mmoja akamtania.

"Hata yule wa kwanza alikwenda hana," mama akajibu, na uwanja ukaangua kicheko. Salome alikuwa akicheka na kulia, na mimi vivyo hivyo, ingawa nakiri kwamba machozi yangu hayakuwa ya furaha yote.

Mwanangu, usidhani wivu ulikufa siku ile. Chilongola sasa ni msichana mkubwa. Nikimwita "Baba" huitika "Naam, mwanangu" kwa madaha, watu wakacheka, nami wivu hunichoma kidogo. Hukalia kile kigoda. Siku moja nilimwomba anipishe nikae, akaniambia, "Tangu lini mtoto akamwinua baba yake kitini?" Na alikuwa sahihi! Wavulana wa mtaani walipomcheka kwamba ana jina la babu mwenye rungu, aliwaambia wamwamkie basi, na mmoja wao, nasikia, alimwamkia kabla hajajishtukia. Hoja zangu zote za siku ile zilitokea kweli, mojamoja, na hakuna hata moja iliyomwangusha. Jina ni zito kwa anayelitazama. Anayelibeba hulizoea akiwa bado anatambaa.

Shangazi Manzala aliishi miaka kadhaa baada ya hapo. Nadhani hakuna jina lililoitwa Miyuji kama lile. Chilongola, niletee maji. Chilongola, kuku wameingia. Chilongola, njoo nikuone tu. Alimwita hata alipokuwa hahitaji kitu, kama mtu aliyevuka mbuga bila maji na sasa amekaa kando ya kisima. Na mtoto aliitika kila mara.

Tabitha wangu naye aliniuliza majuzi, "Mama, mbona mimi hukunipa jina la babu?" Nilimwambia ukweli: sikulizuia, mwanangu, bali sikuwaza kwamba unaweza. Aliinuka akaondoka, na katika mgongo wake nilimtambua yule mdudu wa wivu. Amefika kwake. Ndiyo sababu ya kuandika haya, kwa ajili yake na kwa ajili yako unayesoma.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukipata binti, usimpimie jina kwa woga wako. Kama jina lina heshima mbele ya ukoo, linamtosha. Wala usiliweke kando kumngojea kaka yake ambaye hajazaliwa, maana aliyerukwa huona, na hukumbuka. Hoja zako zikiwa safi mno, zikunje uangalie upande wa ndani zimeshonwa kwa uzi gani. Na wivu ukikujia, nao utakuja, hasa juu ya wale unaowapenda, usikae kungoja uishe ndipo utende haki, kwa sababu huenda ukangoja mpaka kaburini kwa mtu. Tenda nao. Sema nao shikamoo. Moyo una vyumba vingi na mpangaji huyo hatoki kwa notisi; lakini mlango wa mdomo ufunguo wake unao wewe.

Mungu akujalie wazee wa kukuona hata ukivaa nguo safi. Akujalie wifi mwenye subira, na watoto wenye majina mazito na shingo za kuyabeba. Na yule unayemwonea wivu leo, akija akasimama mlangoni pako bila kusema neno, Mungu akupe sauti ya kumwita kwa jina lake, naye awe bado yu hai wa kuitika.